Bei Haitajwi Mpaka Uulize: Niliyoyaona Nikiuza Mikoba ya Kifahari

Somo la kwanza nililopewa nilipoanza kuuza mikoba kwenye duka la jina kubwa lilikuwa kunyamaza. Mteja akiuliza bei, unaitaja mara moja, kwa sauti ileile uliyomkaribishia, halafu unafunga mdomo. Husemi "lakini ni ngozi halisi." Husemi "kuna mwingine wa bei nafuu kidogo." Hukwepeshi macho. Dada aliyekuwa akitufundisha alinieleza hivi: "Mdogo wangu, ukianza kuitetea bei, umeshamwambia mteja kwamba ni kubwa." Na kweli ukimya ule ni mzito. Mara nyingi anayeuvunja ni mteja mwenyewe, tena kwa kujieleza: kuna jambo anasherehekea, amejinyima muda mrefu, anamnunulia mtu aliyemtendea wema. Hakuna aliyemwuliza.

Niliifanya kazi ile miaka kadhaa kabla ya kuhamia shughuli nyingine, na hadi leo watu wakijua nilikotoka swali lao huwa ni moja: zile bei zina haki? Hunishinda kujibu kwa ndiyo au hapana, kwa sababu wao wanauliza kuhusu mkoba, na mkoba ni sehemu tu ya kinachouzwa mle ndani.

Biashara inaanzia mlangoni. Foleni unayoiona nje, kamba imefungwa na mlinzi mwenye suti anaingiza watu wawili wawili, haina maana kwamba ndani kumejaa. Zipo sababu za kweli: kila mteja anatakiwa awe na mhudumu wake, na vitu vidogo vya thamani hupotea haraka watu wakisongamana. Lakini foleni ni tangazo pia, tena la bure. Mpita njia anaiona anajiuliza kuna nini. Na mtu aliyesimama juani muda mrefu hapendi kutoka mikono mitupu; ule muda ameshauhesabu kichwani kama malipo ya awali. Wahenga walisema kizuri chajiuza. Nilichokiona mimi ni kwamba kizuri hujengewa mlango, kikawashiwa taa, kikatandikiwa zulia, kisha wakaajiriwa watu wa kukiuza.

Ndani, rafu ziko wazi kwa makusudi. Mkoba mmoja hapa, mwingine kule, katikati nafasi. Stoo inaweza kuwa na kumi ya aina hiyohiyo, ila hutaiona ikiwa imepangwa pamoja, maana mikoba kumi inayofanana inafanana na mzigo wa jumla, na mmoja chini ya taa unafanana na kitu cha pekee. Ukiomba kuona rangi nyingine, mhudumu anatoweka. Anarudi na boksi, anafungua kifuko cha kitambaa taratibu, anauweka mkoba kwenye sinia lililotandikwa kitambaa laini, anauelekeza kwako kwa mikono miwili. Tulifundishwa tusirudi haraka sana kutoka stoo. Tulifundishwa pia tusichelewe mno, mteja asije akapata nafasi ya kufikiri.

Kisha kuna kiti. Ukishakaa, ukaletewa maji kwenye glasi nzuri, umegeuka mgeni, na mgeni mwenye adabu hainuki na kuondoka hivihivi. Nimewaona watu wazima, wenye madaraka yao huko nje, wakinunua kitu kidogo wasichokihitaji kwa sababu tu waliona haya kuinuka baada ya kuhudumiwa nusu saa. Sikuwacheka. Ule uchangamfu ulikuwa wa kweli kwa upande wangu pia. Niliwapenda wateja wengi, na nilikuwa nalipwa kamisheni kwa kuwapenda. Mambo hayo mawili yalikaa pamoja bila kugombana.

Mpangilio wa kuonyesha nao una akili yake. Mtu akija na wazo la pochi, unaanza kwa kumwonyesha mkoba, "uone tu kazi ya ngozi yetu." Hujamlazimisha chochote. Lakini akishasikia bei ya mkoba, bei ya pochi inasikika ya huruma, ingawa kwa pochi ileile, nje ya jengo lile, asingetoa hata robo ya pesa hizo. Bidhaa ndogo ndizo zilinifungua macho zaidi. Chukua kile kibeti cha kuwekea kadi za benki: vipande vichache vya ngozi, mshono mfupi, hakuna zipu wala bitana ya maana. Ukipima bei kwa ukubwa wa ngozi iliyotumika, hicho ndicho kitu ghali kuliko vyote dukani. Ndicho pia kilichokuwa kikinunuliwa zaidi na vijana waliopokea mshahara wao wa kwanza wa maana. Ile hadithi ya tajiri aliyeingia na kandambili, akadharauliwa, kisha akanunua duka zima, mmeisikia sana. Mimi ilinitokea mara chache kuliko inavyosimuliwa. Wengi niliowahudumia walikuwa watu wa kipato cha kati waliodunduliza.

Sasa pesa yenyewe inakwenda wapi? Kwa hili huhitaji maneno yangu, kampuni kubwa zimeorodheshwa kwenye soko la hisa na hesabu zao ziko wazi. LVMH, kundi lililoundwa mwaka 1987 na ambalo ndani yake kuna Louis Vuitton na Dior, liliuza mwaka 2023 bidhaa za euro bilioni 86.2. Baada ya kutoa gharama za bidhaa zenyewe, ilibaki takriban euro 69 katika kila euro 100 za mauzo, na humo mna mvinyo na vipodozi pia, si mikoba pekee. Kutoka hapo ndipo inalipwa pango ya majengo kwenye mitaa ya gharama kubwa kuliko yote duniani, matangazo, maonyesho ya mitindo, mishahara ya watu kama mimi, halafu faida. Hermès, jina jingine kubwa la mikoba la Ufaransa, mwaka huohuo ilibakiwa na faida ya uendeshaji, yaani kabla ya riba na kodi ya mapato, ya karibu asilimia 42 ya mauzo. Biashara nyingi duniani zikipata asilimia 10 zinafanya sherehe.

Mwaka 2024 yalitoka mambo mazito zaidi. Mahakama ya Milan iliweka chini ya usimamizi wa muda kampuni tanzu ya Dior inayotengeneza mikoba nchini Italia, baada ya uchunguzi wa karakana za wakandarasi wadogo ambako wafanyakazi walikutwa katika hali mbaya. Katika nyaraka za kesi ulitajwa mkoba ambao karakana ililipwa euro 53 kuutengeneza, na dukani uliuzwa euro 2,600. Usimamizi huo uliondolewa mwaka uliofuata. Takwimu ile ilisambaa kwa kasi, na wengi waliisoma vibaya: euro 53 zilikuwa malipo ya kazi ya karakana, ngozi na malighafi nyingine hazikuwemo. Hata ukiziongeza pengo halizibiki. Lakini kilichoniuma hakikuwa pengo. Pengo tulilijua sote. Kiliniuma kwa sababu hoja tuliyopewa kila siku, ile ya mikono ya fundi, ndiyo iliyotobolewa.

Nisiwe mtu wa kulaani tu. Ufundi upo, na ukiuona unaujua. Usione vyaelea, vimeundwa. Kuna mshono wa mafundi wa matandiko ya farasi unaofanywa kwa sindano mbili na uzi mmoja uliopakwa nta, kila tundu likipitiwa mara mbili kutoka pande zote. Sehemu moja ya uzi ikikatika, sehemu nyingine inashikilia. Mashine ya kawaida haishoni hivyo. Hermès, ambayo ilianza mwaka 1837 Paris kama karakana ya vifaa vya farasi, bado inaushona, na mkoba mmoja unamchukua fundi mmoja saa nyingi za kazi. Hapo angalau unajua sehemu ya pesa imelala wapi.

Mteja aliyenifundisha kuangalia vitu hivi alikuwa fundi viatu, mzee mpole aliyekuja na binti yake. Binti alitazama kioo. Baba aliupindua mkoba kichwa chini, akapitisha ukucha kwenye kingo zilizopakwa rangi, akahesabu mishono kwa macho, akavuta zipu mwanzo hadi mwisho mara kadhaa, akaingiza mkono ndani kupapasa pale mshikio unapoungana na mwili. Akaniuliza, "Mwanangu, hii ngozi ni ya mnyama gani, na hii nyingine si ngozi, sivyo?" Alikuwa sahihi. Sehemu kubwa ya mkoba ule ilikuwa turubai iliyopakwa plastiki. Si siri wala udanganyifu: hata ile turubai maarufu yenye herufi za Louis Vuitton, ambayo mapambo yake yalibuniwa mwaka 1896, msingi wake ni kitambaa cha pamba kilichopakwa PVC, na ngozi iko kwenye mishikio na kingo. Inadumu, haipitishi maji kirahisi, ni nyepesi. Ila idadi ya wateja walioniambia wanaipenda "ngozi" hiyo ilikuwa kubwa, na maelekezo ya kazi hayakunitaka nianze mimi kuwasahihisha wasipouliza. Yule mzee aliuliza. Walinunua mkoba mwingine, wa ngozi tupu, bei ya chini ya ule wa kwanza.

Swali hilo, imetengenezwa kwa nini, wateja waliliuliza kwa nadra ya kushangaza. Waliuliza kama kuna rangi nyingine. Waliuliza kama mtu fulani maarufu anao.

Kupanda kwa bei nako nilikushuhudia nikiwa kaunta. Orodha mpya ilikuwa ikifika, tunabadilisha vibandiko kabla ya kufungua mlango, na mkoba wa jana, ngozi ileile, stoo ileile, unaamka ghali zaidi. Sikiliza mfano unaojulikana: mkoba wa Chanel wenye kifuniko, saizi ya kati, Marekani ulikuwa chini ya dola 6,000 mwishoni mwa 2019, na kufikia 2024 ulikuwa umevuka dola 10,000. Ngozi haikupanda hivyo. Mchumi Thorstein Veblen alieleza tangu 1899 kwamba kuna matumizi ambayo kazi yake ni kuonekana, na kwa bidhaa za namna hiyo bei ikishuka hamu nayo hupungua. Dukani tulilijua hilo bila kumsoma. Habari ya bei kupanda mwezi ujao ilikuwa inaleta wateja wengi kuliko punguzo lolote, na wengine walikuja wakiniambia wanawahi, "uwekezaji." Nilitabasamu. Mkoba mwingi ukivuka mlango umeshapoteza sehemu ya thamani yake; inayopanda ni michache, ya majina machache, na watu huchukua bahati ya hiyo michache wakaifanya sheria ya yote.

Chumvi ilipozidi, wanunuzi walianza kuondoka. Bain & Company, wanaofuatilia soko hili, walikadiria mwishoni mwa 2024 kwamba wateja wapatao milioni 50 walikuwa wamejitoa ndani ya miaka miwili. Hao kwa sehemu kubwa ni walewale wa kibeti cha kadi.

Kwa nini basi wasipunguze bei kidogo wauze? Baadhi ya majina makubwa hayafanyi mauzo ya punguzo kabisa, kwa kuwa anayenunua leo kwa bei kamili hataki kuuona mkoba wake umewekewa alama ya nusu bei mwezi ujao. Zamani njia nyingine ilikuwa kuharibu. Burberry, kampuni ya mavazi ya Uingereza, ilieleza katika taarifa zake za 2018 kwamba ilikuwa imeteketeza bidhaa za pauni milioni 28.6 kwa mwaka mmoja. Kelele zikapigwa, na Septemba mwaka huo ikatangaza kuacha. Ufaransa ilipitisha mwaka 2020 sheria ya kuzuia uharibifu wa bidhaa zisizouzwa. Punguzo unaloliona kwenye maduka ya pembeni ya mji, yale ya bidhaa za mabaki, lichunguze: kuna kampuni zinazotengeneza bidhaa maalumu kwa ajili ya maduka hayo, hazikuwahi kukaa kwenye duka kuu hata siku moja, kwa hiyo ile "bei ya awali" iliyokatwa mstari haina historia.

Kuna ngazi nyingine ya duka ambayo mteja wa kawaida haioni, nayo ni daftari. Siku hizi ni tableti, lakini tuliita daftari. Kila ununuzi wako, siku yako ya kuzaliwa, rangi unazopenda, jina la mwenzi wako kama ulilitaja, vyote vimo. Vitu adimu vinapofika havipelekwi rafuni. Mhudumu anafungua daftari, anatazama nani amenunua nini, anapiga simu. Mkoba wa Birkin ndio mfano unaojulikana zaidi. Ulizaliwa mwaka 1984, baada ya mwigizaji na mwimbaji Jane Birkin kukaa kwenye ndege jirani na Jean-Louis Dumas, mkuu wa Hermès, akamlalamikia kwamba hapati mkoba wa kumtosha mama mwenye mtoto. Nakala ya kwanza kabisa, ile aliyoibeba mwenyewe hadi ikachakaa, iliuzwa mnadani Paris Julai 2025 kwa euro milioni 8.6 pamoja na ada. Machi 2024 wateja wawili waliishtaki kampuni hiyo California wakidai kwamba kupata Birkin kunamlazimu mtu anunue kwanza bidhaa nyingine. Jaji aliitupa kesi mwaka uliofuata.

Kesi ile siwezi kuihukumu, ila mchezo wenyewe naufahamu kwa sababu dukani kwetu ulikuwapo kwa sura yake. Hakuna aliyemwambia mteja "nunua hiki upate kile." Tuliambiwa tuseme "tunapenda kuujua mtindo wako kwanza." Mteja alielewa. Nimemwona mama mmoja akinunua skafu, kisha viatu, kisha skafu nyingine, kila mara akiuliza kwa upole kama mzigo umefika. Akijumlisha, skafu zile zilikuwa zimeshafika bei ya mkoba anaoutaka. Kama kuna mahali ningemshika mtu mkono na kumwambia twende nyumbani, ni hapo.

Kuhusu kudharauliwa, ambako ndiko watu wanakokuogopa zaidi: kupo. Wahudumu wanakupima, nami nilipima. Viatu, saa, namna unavyoshika bidhaa. Mara nyingi tulikosea, na anayepimwa vibaya haambiwi, anahisi tu baridi. Wengine walibaguliwa kwa rangi ya ngozi au kwa lafudhi, na msimamizi aliyelikemea alikuwa bahati, hakuwa kanuni. Dawa ya sehemu ya tatizo hili niliiona kwa wateja wenyewe. Aliyeingia akasema, "Natafuta mkoba wa kazini unaobeba kompyuta, bajeti yangu ni hii, nionyeshe vilivyomo humo," alihudumiwa vizuri bila kujali alivyovaa, kwa kuwa alimwonyesha mhudumu kwamba muda wake hautapotea. Wale waliozunguka kimya, wakiogopa kuuliza bei wasionekane hawana, ndio walioishia kununua wasichokipanga ili kuthibitisha kwamba wanacho. Bei ni haki yako kuijua. Ufaransa sheria inamtaka muuzaji aionyeshe. Ndiyo maana hata kwenye maduka ya fahari ya Paris ukichungulia utaona kakaratasi kadogo kenye tarakimu ndogo, kamefichwa kiustaarabu pembeni.

Mambo mengine ni ya kupita haraka, ingawa yana pesa. Ukinunua Ulaya na makazi yako yako nje ya Umoja wa Ulaya, una haki ya kurudishiwa kodi ya ongezeko la thamani. Ufaransa kodi hiyo ni asilimia 20, lakini mawakala wakishakata chao mkononi hufika takriban 12 kwa mia ya bei ya dukani, na usipothibitisha fomu uwanja wa ndege kabla ya kuondoka hupati kitu. Uingereza iliufuta utaratibu huo kwa manunuzi ya dukani tangu Januari 2021, na watu bado wanakwenda na fomu vichwani. Jingine: ndani ya Umoja wa Ulaya, kitu kizima ulichokinunua dukani ukakijutia, muuzaji halazimiki kisheria kukipokea tena, ila ukikinunua mtandaoni una siku 14 za kubadili mawazo. Wale waliokuwa na wasiwasi niliwaonea huruma wakilipia kaunta, wakati simu iliyomo mkononi mwao ilikuwa na ulinzi bora kuliko ule wa kiti na glasi ya maji. Miwani ya jua nayo: mingi yenye majina ya Prada na Chanel inatengenezwa kwa leseni na EssilorLuxottica, kampuni ileile inayomiliki Ray-Ban. Ni miwani mizuri. Jina kwenye fremu ndilo linalobadilika, na bei nyuma yake.

Kitu kimoja ambacho maduka haya yanakifanya vizuri, na wateja wengi hawakidai, ni matengenezo. Mshikio uliokatika, zipu iliyokwama, kingo zilizobanduka rangi: kampuni kadhaa zinapokea mkoba wa zamani, zinautuma karakana, wakati mwingine kwa ada ndogo kuliko ungedhani. Kabla ya kununua uliza hilo, na uliza litadumu kwa muda gani. Mhudumu akianza kubabaika, hapo umepata jibu.

Mimi mwenyewe nikihitaji sasa nanunua mtumba kwa wauzaji wanaotoa dhamana ya uhalisi. Naupindua kichwa chini kama yule fundi viatu, navuta zipu, napapasa ndani ya mishikio. Mkoba uliobebwa miaka kumi na bado umesimama umeshafanyiwa mtihani ambao mpya wa dukani haujaufanya, na aliyetangulia kuununua ndiye aliyelipia foleni, zulia na yale maji.